Siku Tatu za Mwenyekiti

Mtaani kwetu hakuna aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa Chaji, kwa sababu ya betri. Ua wa nyumba yangu ulijaa betri za magari: zilizo hai upande wa kushoto zikichajiwa, zilizokufa upande wa kulia zikisubiri shoka. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na tisa. Watu wakimwona mtu anashikashika nyaya kila siku bila kurushwa, wanadhani anajua kila kitu kuhusu umeme. Mimi nami sikuwakatalia.

Juu ya mapaa yetu zilipita nyaya za umeme mkubwa, zimebebwa na nguzo za chuma zenye miguu minne. Mvua ikinyunya, zilichachatika kama mafuta kikaangoni. Waya za kuanikia nguo zilituchoma vidole. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani, alishaacha kuanika nje, akawa anatandaza nguo za wateja juu ya viti. Na watoto wa mtaa hawakuwa na raha. Matumbo yaliwauma, walipauka, walimu wakalalamika kwamba wanasinzia darasani. Mzee mmoja wa nyumba ya kona alikufa kwa saratani ya damu. Kuna wanawake ambao mimba zao zilitoka, na mke wangu alikuwa mmoja wao, mara mbili. Baada ya hapo hatukujaaliwa tena. Watu waliyajumlisha yote hayo, kisha wakainua macho juu.

Jioni moja, giza ndiyo kwanza linaingia, nilichukua tyubu ya taa niliyokuwa nayo ndani, nikaenda kusimama chini ya nyaya, pale zilipopita chini zaidi, karibu na banda la kinyozi. Niliishika kwa mkono mmoja, nikaiinua. Ikawaka. Haikuwaka sana, lakini iliwaka, weupe hafifu unaotetemeka, bila waya wowote kuigusa. Wanawake walipiga yowe. Kinyozi alitoka mbio na mkasi mkononi.

"Kama inawasha taa bila kuigusa," fundi cherehani aliuliza, "ndani ya kichwa cha mtoto inafanya nini?"

Lilikuwa swali zuri, na hata leo nasema lilikuwa swali zuri. Mimi sikuwa na jibu. Msemaji wa kampuni ya umeme alipokuja wiki mbili baadaye, naye hakuwa nalo. Alisema "ni salama kabisa" huku macho yakiwa kwenye simu yake. Siku hiyo hiyo tukaunda kamati, na mwenyekiti nikawa mimi.

Niseme ukweli, uenyekiti ulinivaa vizuri. Nilinunua faili. Nilianza kutembea na kalamu mfukoni. Nikaandika orodha ya wagonjwa, na namba moja nikamweka mke wangu.

"Lazima niwe wa kwanza?" aliniuliza.

"Ukiwa wa kwanza, wenzako hawataona haya kuandikwa."

Alikuwa anakunja ovaroli langu la kazi, lile alilolifua kila Ijumaa kwa mikono yake.

Sasa niwaeleze kazi yangu ilivyokuwa, maana bila hiyo hamtanielewa. Betri iliyokufa niliipasua kwa shoka. Maji yake makali niliyamwaga kwenye shimo nyuma ya choo. Sahani za ndani niliziyeyusha kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, nikaengua makapi yanayoelea, na kile kilichobaki, kizito, kinachong'aa kama kioo, nikakimimina kwenye kalibu kutengeneza chubwi, vile vipande vya kuzamishia nyavu. Wafanyabiashara walikuja kuzichukua kwa magunia. Moshi wake ulikuwa na utamu fulani mdomoni. Nilikuwa nikimwambia mke wangu kwa utani kwamba mimi sihitaji sukari kwenye chai.

Na kila mchana, shule ikifungwa, alikuja Kasuku.

Kasuku alikuwa binti wa fundi cherehani, miaka sita, mtoto pekee wa mama anayelea peke yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo. Alikuwa anaongea tangu mlangoni mpaka anapokaa, na akikaa anaanza upya. Alikalia ndoo iliyopinduliwa akanichambulia chubwi, zilizonyooka huku, zilizopinda kule. Mbovu nilimpa. Alizitunga kwenye uzi wa mama yake akazivaa shingoni kama shanga, na akiwa anafikiri alizitafuna.

"Babu Chaji, mbona hivi vinang'aa halafu ukivishika sana vinakuwa vyeusi?"

"Vinakuonea wivu."

Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo. Mimi nikamwacha aendelee kutafuna.

Barua zetu zilifika ofisi ya afya, na hatimaye wakamtuma daktari. Alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya raba na mkoba mzito kuliko yeye. Alikuja na mtu mzima mmoja mwenye mvi, mtaalamu wa vipimo, aliyebeba kifaa kidogo kama redio. Kwa siku mbili walipima kila nyumba: kitandani, jikoni, mlangoni, uani. Mimi ndiye niliyewatembeza. Kwangu walipima pia. Kazi nilikuwa nimeisimamisha kwa heshima ya wageni, betri nimezifunika turubai, sufuria nimeisukumia ndani. Siku hiyo sikuwa naficha kitu. Nilikuwa nimefagia tu, kama mtu anayetarajia wageni.

Daktari alitazama pia watoto. Aliwafunua kope, akawaangalia ufizi, akawaminya matumbo. Kwa Kasuku alikaa muda mrefu. "Anakula vizuri?" aliuliza. Mama yake akasema anakula, ila siku hizi anaongea kidogo. Kweli, hata mimi nilikuwa nimeona; nilidhani anakua. Daktari akaomba damu ya watoto wote wa mtaa. Wazazi wakasita, na ni mimi niliyewashawishi.

"Toeni damu," niliwaambia. "Huo ndio ushahidi wetu."

Watoto ishirini na wawili walitobolewa vidole siku hiyo.

Majibu yaliletwa Jumamosi asubuhi, katika darasa la shule. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Daktari alisimama mbele na ramani ya mtaa aliyoichora mwenyewe.

"Nianze na nyaya," alisema. "Tulichopima ndani ya nyumba zenu kiko chini ya kiwango ambacho wataalamu wamekiweka. Sijasema nyaya hazina neno. Kuna tafiti zilizotia shaka, hasa kuhusu watoto na saratani ya damu, na wataalamu hawajamaliza kubishana. Mna haki ya kuuliza, na mna haki ya kupimiwa tena. Na ule waya ulioshuka karibu na banda la kinyozi ni hatari hata bila utafiti. Huo lazima upandishwe, na barua ya kuudai nitaisaini mimi."

Watu wakaanza kunong'ona. Haya siyo waliyokuja kuyasikia, lakini walikuwa bado wanamsikiliza.

"Lakini kinachowaumiza watoto hawa sasa hivi ni kitu kingine. Damu yao ina risasi."

"Risasi?" fundi cherehani aliruka. "Nani kawapiga risasi?"

Watu wakacheka. Daktari hakucheka. "Madini ya risasi, mama. Chuma laini, kizito, cha kijivu. Ni sumu. Inaingia kwa vumbi, kwa moshi, kwa mikono inayokwenda mdomoni. Inakula damu, inakula akili ya mtoto polepole. Inapatikana kwenye rangi za zamani, mabomba ya zamani, betri za magari."

Alilitaja neno betri katikati ya mengine, akapita. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mimi ndiye niliyejitazama. Niliangalia mikono yangu juu ya dawati, weusi ule uliokuwa kwenye mistari ya viganja, ambao sabuni haikuwahi kuutoa, nikaishusha chini nikaikalia.

Daktari akaonyesha ramani. Watoto wenye sumu nyingi alikuwa amewatia alama nyekundu. "Nyaya zinapita hivi," alisema, akapitisha kidole kutoka kona hadi kona. "Wagonjwa wangekuwa wa nyaya, wangezifuata. Wao wamekusanyika hapa." Kidole chake kikatua. Nyumba nne tano. Ya kwangu ilikuwa katikati, kama jiwe la jikoni. "Jumatano tutarudi kupima udongo, nyumba kwa nyumba. Tutakipata chanzo."

Hapo ndipo kinyozi aliposimama. "Daktari, samahani. Kampuni ya umeme imekupa nini?"

Darasa likalipuka. Kila mtu akawa na la kusema. Mmoja alisema walijua tangu mwanzo, mwingine alisema serikali na kampuni ni baba mmoja mama mmoja. Kisha nikasikia, "Mwenyekiti! Mwenyekiti aseme!" Wakanyamaza wote, wakanigeukia.

Nilisimama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno hayakuwa mengi. Ningeweza kusema, ndugu zangu, twende kwangu mkaone. Nilifungua kinywa nikiwa nadhani nitasema hivyo. Lakini nilimwona fundi cherehani amekaa mbele, amempakata Kasuku, ananitazama kwa imani kabisa. Nikasema:

"Sisi tumelalamikia nyaya, tunaletewa habari za rangi na mabomba. Daktari, rudi ukawaambie waliokutuma kwamba mtaa huu hauuziki."

Walipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Daktari alinitazama mara moja tu. Akaikunja ramani yake bila haraka. Alipokuwa anatoka mtu mmoja alimmwagia maji ya chupa kwenye raba zake, naye hakugeuka. Kinyozi alinikumbatia. "Umempa vidonge vyake, Chaji!" Nami nikacheka naye. Nasema nilicheka, kwa sababu ni kweli.

Nilipofika nyumbani nilichukua jembe. Nilichimba nyuma ya choo, nikafukia sufuria, kalibu, gunia la chubwi na makapi yote ya miezi mingapi sijui. Betri nilizipanga kwenye mkokoteni chini ya turubai, ili nizitoe kidogo kidogo. Kisha nikafagia ua mzima. Vumbi lilipaa, likavuka ukuta likaingia kwa jirani, ambako nguo za wateja zilikuwa zimetandazwa juu ya viti.

Mke wangu alisimama mlangoni mikono kifuani.

"Unapanda nini huko nyuma ya choo?"

"Takataka tu."

"Yule daktari alisema betri."

"Alisema mambo mengi."

"Alisema betri, mzee wangu. Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Niliona shingo yako inavyotoka jasho."

Nikamwambia aache maneno ya ajabu, kwamba hii kazi ndiyo iliyomlisha miaka yote, na kwamba mimi mwenyewe navuta moshi huo kila siku na sijafa. Alikwenda ndani akalitoa ovaroli langu kwenye kapu la nguo chafu, kwa vidole viwili, akaliweka nje.

Jumapili Kasuku alikuja kama kawaida. Nikamwambia leo hakuna kazi, arudi kwao. Alidhani ni mchezo. Aliketi pale pale kizingitini, kwenye vumbi, akachorachora kwa kidole. Ningeweza kumbeba nikampeleka kwa mama yake na kusema asije tena. Lakini mama yake angeuliza kwa nini. Nikamwacha.

Jumatatu sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda na mkokoteni mahali pa mbali kutupa betri. Niliporudi nilikuta udongo wa nyuma ya choo umechokonolewa kwa kijiti, na tundu dogo, la upana wa mkono wa mtoto. Nililifukia kwa mguu. Sikuuliza.

Jumanne asubuhi nilisikia yowe upande wa pili wa ukuta.

Kasuku alikuwa chini kwenye sakafu, katikati ya vipande vya vitambaa, macho yamegeuka meupe, miguu inapiga sakafu. Degedege. Mama yake alikuwa anapiga kelele, "Nyaya! Nyaya zimeniulia mwanangu!" Majirani walikuwa wamejaa mlangoni na wengine wanaangalia juu wakilaani. Nilimnyanyua mtoto mimi mwenyewe. Alikuwa mwepesi mno. Mwenye gari la mizigo alitubeba, mama mtu akiwa amemshika kichwa na mimi nimeshika miguu, mpaka hospitali.

Daktari aliyetupokea alikuwa yule yule. Alivaa raba zile zile zilizomwagiwa maji Jumamosi. Hakutukumbusha lolote. Alimchoma mtoto sindano, degedege ikatulia, akawaamuru wauguzi hiki na kile, kisha akatujia kwenye benchi la korido.

"Risasi imefika kwenye ubongo," alisema. "Kuna dawa ya kuitoa mwilini, tunaianza leo. Lakini mama, dawa hiyo ni kama kuchota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Akitoka hapa akarudi pale pale alipoipata, tutakuwa tumecheza tu. Lazima nijue anaipata wapi. Nyumbani kuna rangi inayobanduka?"

"Hapana, daktari."

"Kuna mtu anafanya kazi ya vyuma? Betri?"

"Mimi nashona tu. Na mtoto hachezi mbali, simruhusu. Anacheza hapo kwa Babu yake Chaji tu, jirani," akanishika bega alipokuwa anasema hivyo. "Huyu hapa. Anamwangalia kama mjukuu wake."

Daktari alinigeukia. Nadhani alikuwa ameshajua, lakini aliniuliza kwa heshima.

"Mzee wangu, wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

Mkono wa fundi cherehani ulikuwa bado begani kwangu. Nikapiga moyo konde, nikasema. Nikaanza na shoka, nikaja sufuria, moshi, chubwi, uzi wa shanga. Nikasema na shimo la nyuma ya choo. Nilisema nikitazama ndoo ya kupigia deki iliyokuwa ukutani, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Sijui mkono ule uliondoka begani saa ngapi.

Nilipomaliza, fundi cherehani hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayechukua vipimo vya nguo.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kujitetea kwa miaka kumi na tisa. Miaka yote hiyo sikujua. Ningekula kiapo na kingekuwa cha haki. Lakini sicho alichoniuliza.

"Jumamosi," nikasema.

"Kwenye mkutano."

"Ndiyo. Daktari alipotaja betri."

"Kabla hujasimama kusema mtaa hauuziki."

"Kabla."

Niliona anahesabu. "Jumapili alikuja kwako. Alirudi nguo zote vumbi, nikampiga kofi kwa kuchafua."

"Ndiyo."

"Jana alikuja kwako."

"Sikuwepo. Lakini ndiyo, alikuja. Alifukua."

Alisimama, akaenda kukaa benchi la mwisho kabisa la korido, akanipa mgongo. Nilikaa pale nisijue kama niondoke au nibaki. Mwishowe muuguzi alinigusa akaniambia, "Mzee, hilo benchi ni la ndugu wa wagonjwa." Nikaondoka.

Jumatano watu wa afya walikuja kweli, na magari mawili. Walivaa barakoa na viatu virefu, wakachimba nyuma ya choo mtaa mzima ukitazama. Sufuria ilipotoka watu waliguna. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilivaa shati zee kwa ajili hiyo. Hakuna aliyeninyanyulia mkono. Kinyozi alikuja mpaka hatua moja kutoka nilipo, yule aliyenikumbatia Jumamosi, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Nami nikamtukana yule daktari kwa ajili yako." Akatema mate pembeni, akaenda zake. Ningependelea kipigo.

Nilizunguka nyumba zote za wale watoto ishirini na wawili. Hilo sikuambiwa na mtu. Nilibisha hodi, nikasimama nje, nikasema nilichofanya na nilijua lini. Nyumba ya kumi na nne mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa na mwiko mkononi. "Umemaliza?" "Nimemaliza." Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Baba mmoja yeye alinikaribisha ndani nikae, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu watoto wake watatu walinipa shikamoo mmoja baada ya mwingine.

Mke wangu alimfuata daktari faragha. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, nikasikia anauliza kuhusu mimba zile mbili. "Risasi inaweza kutoa mimba," daktari alisema. "Lakini zako, za miaka ile, mama yangu, siwezi kukwambia ndiyo wala siwezi kukwambia hapana." Tulirudi nyumbani. Aliomba faili. Akatafuta ile orodha, akachukua kalamu akalikata jina lake, mstari mmoja mnyoofu, akanirudishia. Hakuniacha. Angeniacha ningejua la kufanya. Aliendelea kuniwekea chakula, akaketi na chake upande wa pili wa meza, na mara nyingine nilimkuta ameyakazia macho mapipa aliyokuwa akifulia ovaroli langu.

Aibu yangu ikazaa nyingine. Msemaji wa kampuni ya umeme alirudi, safari hii hana hata haja ya simu. "Ndugu wananchi," alisema, "sumu ilikuwa kwa mwenyekiti wenu. Nadhani suala la nyaya limekwisha." Akaambiwa kuhusu waya ulioshuka karibu na banda la kinyozi. Akacheka: "Nao umepimwa na Chaji?" Watu wakainamisha vichwa. Walikuwa na dai la haki mikononi, na mimi nilikuwa nimelipaka matope mpaka hakuna aliyetaka kulishika. Saratani ya yule mzee wa kona, hakuna aliyeijua imetoka wapi, na sasa hakuna hata aliyekuwa na uso wa kuuliza.

Kasuku alikaa hospitali wiki tano. Alirudi amenenepa kidogo mashavu. Anaongea, lakini katikati ya sentensi anasimama, anatafuta neno kama mtu anayetafuta kifungo sakafuni. Daktari anasema ni mapema mno kujua kitakachorudi na kisichorudi. Siku moja nilikuwa natoka akanisemesha kutoka mlangoni kwao.

"Babu. Mama amesema nisi... nisije."

"Mama amesema kweli."

"Mpaka lini?"

Nilimwambia sijui, nikapita. Tangu siku hiyo nikawa napita njia ya nyuma, inayozunguka, ili nisipite mlango ule.

Mwenyekiti mpya alichaguliwa, naye ni fundi cherehani. Miezi mitatu ilipita hajanisemesha. Kisha asubuhi moja alisimama mbele ya ua wangu, ambao sasa ni mweupe, wamekwangua udongo na kumwaga mwingine. Alikuwa na futi ya kushonea shingoni na lile faili langu kwapani.

"Sijaja kupatana nawe," alisema.

"Karibu."

"Sikaribii. Kampuni wanasema waya wa kwa kinyozi uko juu vya kutosha. Nataka namba. Kinyozi anakisia, mwalimu anakisia. Wewe unajua kupima bila kupanda?"

Nilimwambia najua. Inahitaji futi ndefu, kile kifaa cha kupimia pembe cha watoto wa shule, na mtu wa pili wa kushika ncha. Akasema ncha atashika yeye. Tulikwenda. Nilipima mara nne, mchana kweupe, yeye akiandika. Hatukuzungumza zaidi ya "hapo," "rudi nyuma kidogo," "soma tena." Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu akasimama mlangoni kututazama. Urefu ulipungua mita karibu mbili chini ya kile walichotakiwa. Fundi cherehani aliipigia mstari ile namba, akaniuliza kama nitasaini.

"Usiweke jina langu," nilisema. "Wakiliona watacheka tena."

Alifikiri. "Hilo nalo kweli," akasema, akafunga faili.

Barua ilikwenda na saini ya daktari. Wiki saba baadaye walikuja mafundi na gari la ngazi, wakaupandisha waya. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na mtaro. Msemaji wa kampuni aliuliza, nusu kwa hasira, nani aliyewapimia, maana namba ilikaribiana kabisa na ya mafundi wake.

"Yule pale," alisema fundi cherehani, akanyoosha kidole.

Watu wote wakageuka. Kasuku alikuwa amemshika mama yake sketi, naye akageuka. Sikuweza kuwatazama. Niliangalia viatu vyangu, na nilipoinua kichwa walikuwa wamesharudi kutazama waya, isipokuwa mtoto.